Kura ya maoni ileile, majibu mawili: tujifunze nini kwa maridhiano ya Zanzibar kuhusu kuzungumza na tusiyekubaliana naye?

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajamvi, assalaam alaykum.

Kila uchaguzi unapokaribia tunahimizana kusikilizana, lakini ni nadra kuelezana kusikilizana huko kunafanyika vipi baina ya watu waliokhitilafiana kwelikweli, watu ambao mmoja akishinda mwengine anaona amepoteza nchi. Naomba tulizungumze jambo hilo kwa mfano wa kwetu wenyewe, maridhiano ya Zanzibar ya 2009 na 2010 baina ya chama tawala, CCM, na chama cha upinzani, CUF, ambayo tumeyasifu sana na kuyachambua kidogo. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kinachotugombanisha ni yale tunayoyaamini kuhusu nia ya mwenzetu, na mpaka imani hiyo itikisike, hata pendekezo zuri likitoka kwake tutalikataa. Mazungumzo yenye moyo mkunjufu ni yale ambayo mtu anakubali kuipima upya nia ya mwenzake, hata kama msimamo wake mwenyewe anabaki nao.

Kwa walio wadogo kiumri, nirudi nyuma kidogo. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, ulimpa Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. CUF haikuyakubali matokeo, na mfarakano uliofuata haukubakia majukwaani. Pemba watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, na zito zaidi kwa jamii kama yetu, wakasusiana mazishi. Mjini Unguja kila upande ulikuwa na maskani yake, yaani kijiwe cha wafuasi wake, CCM pale Kisonge, Michenzani, na CUF pale Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe. Ubao wa maskani uliandikwa kuwasema wa upande wa pili, lakini aliyeusoma kila siku na kuufurahia alikuwa mtu ambaye tayari anakubaliana na mwandishi.

Juhudi za kuzungumza hazikukosekana. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, na wa pili Oktoba 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji wa CUF ya Januari ya mwaka huo. Sitaki kuibeza mikataba ile, kwani huo wa pili ulituletea wajumbe wa upinzani ndani ya Tume ya Uchaguzi na daftari la kudumu la wapiga kura, na hayo si mambo madogo. Hata hivyo, ilikuwa ni mikataba ya watu wasioaminiana. Kila kifungu kilisomwa kama mtego, na muda mwingi ulipotea katika kuhesabiana nani ametekeleza nini, wakati ilipasa kuulizana utekelezaji umekwama wapi na kwa sababu gani.

Sasa tufike kwenye kiini. Kuanzia 2007 makatibu wakuu wa vyama viwili, Yusuf Makamba na Maalim Seif, waliongoza mazungumzo yaliyochukua zaidi ya mwaka mmoja, na ilionekana kuwa yamekaribia kukamilika. Mwishoni mwa Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama na kutoka na uamuzi kwamba suala la kugawana madaraka lipelekwe kwanza kwa wananchi kwa kura ya maoni. CUF ilikataa katakata. Ilisema kuwa hilo halikuwa limekubaliwa mezani na ikaliona kuwa ni njia ya kuukimbia muafaka, na mazungumzo yakavunjika.

Novemba 5, 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, bila ya msuluhishi wa kigeni kukaa baina yao. Siku chache baadaye Maalim Seif aliwatangazia wafuasi wake kwamba CUF inamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar, jambo ambalo chama kilikuwa kimelikataa tangu uchaguzi wa 2005, na wako wafuasi waliokasirika palepale, hadharani. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha hoja ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani ya vyama kugawana madaraka, iliyowasilishwa na kiongozi wa upinzani barazani, Abubakar Khamis Bakary. Julai 31, 2010 wananchi wakaitwa kuamua, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo.

Wakaitwa kuamua kwa njia gani? Kwa kura ya maoni! Jambo lililoyavunja mazungumzo mwaka 2008 ndilo lililoyakamilisha maridhiano mwaka 2010, na CUF ileile iliyolikataa ilizunguka vijijini kuwaomba watu wakapige kura ya ndiyo. Hoja za kuunga mkono na za kupinga kura ya maoni zilikuwa zilezile. Mwaka 2008 aliyelipokea pendekezo alijiuliza, "Hawa wanataka kutufanyia nini?" Mwaka 2010 swali lake lilikuwa, "Hili litafanyika vipi?" Baina ya maswali hayo mawili ndipo ulipo ufunguzi wa moyo ninaouzungumzia.

Kwa maoni yangu, mambo yaliyoleta tofauti ni machache na yameshikana. Kumtambua Karume kulimwondolea upande wa pili khofu kwamba kila neno la CUF lilikuwa na lengo la kumng'oa madarakani. Kule kukutana bila ya hadhira kuliwapa wote wawili nafasi ya kusema mambo ambayo mbele ya wafuasi yangeitwa usaliti. Na lililo kubwa kuliko yote, kila mmoja alikubali kubeba gharama mbele ya watu wake. Mtu anaweza kuwa mpole sana anapozungumza na mpinzani, kisha akirudi maskani akawaambia wenzake wanachopenda kusikia, na mazungumzo yote yakawa bure. Maalim Seif alisimama mbele ya uwanja uliomnunia akaeleza alichokubali, na nadhani hapo ndipo CCM ilipoanza kuamini kwamba mazungumzo yale si mchezo.

Nitoe mfano wa chini pia, kwa sababu wengi wetu hatutakaa Ikulu. Katika kipindi cha kampeni ya kura ya maoni nilikuwa Wete, Pemba, na barazani petu baada ya sala ya alasiri walikuwa wakikaa wazee wawili ambao kwa miaka mingi walisalimiana kwa kutazama pembeni. Mmoja alikuwa CCM, na kabla ya hapo ASP, chama kilichotangulia CCM hapa Zanzibar, mwengine CUF. Siku moja yule wa CUF alianza kuzihesabu faida za serikali ya umoja, na mwenzake akawa anakizungusha kikombe cha kahawa kiganjani bila ya kunywa, akitikisa kichwa kwa kila faida. Mzee wa CUF akanyamaza, kisha akauliza, "Bwana, hebu nambie, wewe khasa unakhofu nini hii ikipita?"

Jibu lilichelewa. "Nakhofu kulipiziwa. Duka langu lilisuswa hata nikalifunga. Mwanangu alipokufa, waliokuja kumzika nawajua mmoja mmoja. Wakishika serikali watu hao, nani atawazuia?"

Mzee wa CUF akasema, "Mie sikuja kumzika. Nilikatazwa, nami nikakatazika."

Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amekosea kuhusu kura ya maoni, na mzee wa CCM alibaki akisema waziwazi kuwa kura yake ni hapana. Lakini kuanzia hapo mazungumzo yao yaliingia kwenye jambo lenyewe: serikali ikiwa ya pamoja, masheha, yaani viongozi wa serikali wa mitaa na vijiji, watateuliwa na nani? Sheha ambaye hapendi chama chako atakuandikia barua ya ukaazi? Mfanyakazi wa serikali atalindwa vipi asiondolewe kwa sababu ya chama? Hayo ni maswali ya watu wanaotafuta njia, na wasingeyafikia kama yule mzee angeendelea kuhesabu faida. Mtu ukimhubiria faida anajihami. Ukimwuliza khofu yake, na ukiwa na subira ya kungoja jibu, anakueleza kitu ambacho unaweza kukishughulikia.

Kwa hivyo ninapokutana na mtu wa msimamo ulio kinyume na wangu, najitahidi kwanza kumwelezea msimamo wake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Naam, hivyo ndivyo." Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa ulimi unataka kuongeza kijembe kila baada ya sentensi. Mpaka anipe ithibati hiyo, sina haki ya kumjibu, kwa sababu nitakuwa namjibu mtu niliyemtengeneza mwenyewe kichwani mwangu.

Naomba kuwasilisha.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru kwa utulivu wa maandishi yako, lakini sikubaliani nawe, na nadhani umesimamisha hadithi mahali panapokufaa. Maridhiano hayo yalidumu muhula mmoja. Oktoba 25, 2015 tulipiga kura. Oktoba 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF ikasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, aliyemrithi Karume, akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Yako wapi hapo matunda ya kupima nia upya?

Somo ninaloliona mimi ni tofauti. Watu wawili walielewana, na kuelewana kwao kukabaki kwao. Karume alipomaliza muda wake, alichokijua kuhusu Maalim Seif aliondoka nacho, kwa sababu imani ya mtu kwa mtu hairithiwi pamoja na ofisi. Kinachorithiwa ni sheria, na sheria ya tume ya uchaguzi iliyo huru ingetufaa kuliko vikao mia vya Ikulu. Naogopa kwamba tunapoyatukuza mazungumzo tunawapa wenye madaraka njia rahisi: wanakaribisha wapinzani chai, wanapiga picha, na muundo unabaki ulivyo.

#3 – Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu yangu, na umeligusa jambo ambalo mimi nililipita haraka. Nakubaliana nawe kwamba imani baina ya viongozi wawili haitoshi, na kwamba chombo kinachohesabu kura kinahitaji sheria isiyotegemea tabia ya mtu. Ninapotofautiana nawe ni kwenye hitimisho kwamba sheria ingeweza kuja bila ya mazungumzo. Marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yaliyoandika Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya katiba, yalipitishwa Agosti 2010, na yasingepita Januari 2009 hata yangeandikwa na mwanasheria hodari kiasi gani. Sheria ile iliandikwa na watu waliokwisha kukubali kwamba mwenzao ana haki ya kuwepo.

Kuhusu 2015, tukumbuke kwamba mazungumzo hayakukosekana. Baada ya uchaguzi kufutwa, Dk. Shein na Maalim Seif walikutana Ikulu mara kadhaa pamoja na marais wastaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, Dk. Salmin na Dk. Karume miongoni mwao, hadi Januari 2016 Maalim Seif alipotangaza kuwa hayajazaa kitu. Wazee wenye heshima walikuwepo, faragha ilikuwepo, na watu walikuwa wakifahamiana. Lakini upande mmoja ulikuja na jibu moja tu, kurudia uchaguzi, na upande wa pili nao ulikuja na jibu moja tu, kukamilisha kutangaza matokeo, na kila jibu lililifuta jingine. Mwaka 2009 walikaa kuzungumzia serikali ambayo bado haijaundwa, kwa hivyo kulikuwa na kitu cha kutunga pamoja. Mazungumzo ambayo jibu lake limekwisha kuamuliwa nje ya chumba hayawezi kufunguka, hata kwa nia njema ya wote waliomo, na ni vyema tukalitambua hilo mapema ili tusiyabebeshe mzigo usio wake. Kupeleka mzozo wa namna hiyo mahakamani ndiko kungekuwa sahihi, lau katiba ingeruhusu. Katiba yetu ya Muungano haitoi mlango wa kuyapinga mahakamani matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa, na katiba ya Zanzibar nayo iliweka kizuizi kama hicho. Katika hilo, bwana, tuko pamoja.

Kuna jambo jengine kuhusu 2010 ambalo huwa linanisumbua. Waliosema hapana kwenye kura ya maoni walikuwa asilimia 33.6, mtu mmoja katika kila watatu. Matokeo yalipotoka tulisherehekea, na kwa haki kabisa, lakini sikuona chama wala jumuiya iliyokwenda kukaa na theluthi ile na kuwauliza walichokikhofu. Tuliwahesabu kuwa ni wakorofi walioshindwa. Wengi wao walikuwa wanachama wa kawaida wa chama tawala ambao kwa miaka waliambiwa kwamba upande wa pili utarudisha yaliyokuwepo kabla ya Mapinduzi, kisha wakaambiwa ghafla kwamba upande huo sasa ni washirika. Naamini khofu ile ambayo haikuulizwa ndiyo iliyokuwa ikisikika tena majukwaani ilipofika 2015.

#4 – Mchangiaji

Kaka mwanzisha uzi, mimi ni mzaliwa wa Micheweni, Pemba, na nasoma maneno yenu kwa utulivu, ingawa si rahisi kwangu. Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Miongoni mwa waliovuka ni watu wa nyumba yetu. Mama yangu hakuwa mwanachama wa chochote, alipanda ngalawa na nguo aliyoivaa.

Ninachotaka kukisema ni kwamba wito wa moyo mkunjufu huwafikia kwanza walioumizwa. Sisi ndio tunaombwa tusahau, tusiwe na jazba, tuitazame nia ya mwenzetu kwa wema. Sijawahi kusikia hotuba inayomtaka aliyetumwa na bunduki aje akae barazani aulizwe. Kama mazungumzo ni kupima nia, basi nia ipimwe kote kuwili, na anayetakiwa kuanza awe yule ambaye hana kovu. Sikatai kukaa na mtu wa CCM. Jirani zangu wa Unguja ni CCM na watoto wetu wanasoma skuli moja. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba nikieleza yaliyotokea nimeharibu mazungumzo.

#5 – Mchangiaji

Wakubwa zangu, swali langu ni fupi. Je, ikiwa nia ya mwenzangu ni mbaya kweli? Hapa kwetu kijana wa maskani ya pili aliingia katika kundi letu la simu, akajifanya anataka kujadiliana, kumbe alikuwa akikusanya majina ya wanaosema sana. Moyo mkunjufu ungetusaidia nini hapo?

#6 – Mwanzisha uzi

Nianze na mdogo wangu wa #5. Kupima nia ya mtu ni pamoja na kukubali kwamba kipimo kinaweza kuonyesha ubaya. Sisemi tumdhanie kila mtu wema. Nasema tusimhukumu kabla ya kumpima, na mtu hupimwa kwa kitu kinachomgharimu. Kijana yule aliuliza mengi na hakusema lolote ambalo lingemletea taabu kwa wenzake. Mwombeni mtu wa namna hiyo aseme hadharani, mbele ya maskani yake, jambo moja ambalo anakubaliana nanyi. Akiweza, mna mtu wa kuzungumza naye. Asipoweza, mmejua bila ya kumtukana. Hata hivyo, kama mahali ulipo kusema ni hatari kwa usalama wako, hakuna adabu ya mazungumzo inayokulazimisha kujitoa.

Dada wa Micheweni, nimeyasoma maneno yako zaidi ya mara moja. Umesema kweli, na naomba niungane nawe kwa uwazi: kueleza yaliyotokea ni sehemu ya mazungumzo, na pengine ndiyo sehemu ya kwanza. Serikali iliunda tume ya uchunguzi wa matukio yale chini ya Brigedia Hashim Mbita, na ikatoa ripoti yake, lakini ripoti ya tume haiwezi kuchukua nafasi ya mtu kukaa mbele ya mtu na kusikia. Nikirudi kwa wale wazee wa Wete, aliyeanza kusikiliza alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe alishiriki katika kumsusa mwenzake, na kabla ya kuomba kura alisema alichokifanya. Hakusema kwamba pande zote zilikosea, ingawa zilikosea. Alitaja la kwake. Katika jambo la Januari 2001, upande wenye la kutaja ni ule uliokuwa na dola, na hilo silizungushi.

Nakubaliana nawe pia kuhusu nani aanze. Mwenye nguvu akianza kunyamaza na kusikiliza hapotezi kitu kikubwa, ilhali aliyeumizwa akitakiwa kuanza hupoteza hata kile kidogo kilichobaki, yaani haki ya kusema ameumizwa. Ndiyo maana naithamini sana Desemba 2020, wakati ACT Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif kutoka CUF, ilipokubali kuingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi ambao matokeo yake haikuyakubali. Maalim Seif aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais mwezi ule, akafariki Februari 17, 2021, na nafasi ikachukuliwa na Othman Masoud Othman. Waliotoa zaidi safari ile walikuwa wanachama wa kawaida ambao vidonda vyao vilikuwa vibichi. Uamuzi ule naona ulikuwa sahihi, lakini anayeusifu bila ya kuuliza watu wale walilipa gharama gani anasifu nusu ya habari.

Kabla uzi haujaenda mbali, nina ombi. Humu ndani lazima wamo wanajamvi waliopiga kura ya hapana Julai 2010, au ambao wazee wao walipiga hivyo. Naomba waandike walichokuwa wakikikhofu wakati ule, kwa maneno yao, na naomba sisi tuliopiga ndiyo tusiwajibu kwanza. Tukiwa na la kuuliza, tuulize kuhusu masheha, kuhusu ajira, kuhusu walichoambiwa vijijini na nani aliwaambia.